Khreshchatyk katika postikadi za Kisovyeti

Khreshchatyk (kwa Kiukraine: Хрещатик, kwa Kirusi: Крещатик) ni barabara kuu ya mji wa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine. Urefu wake ni takriban kilomita 1.2 tu, kwa hiyo mtu anaweza kuitembea yote kwa robo saa. Upana wake ni kati ya mita 75 na 100, na upana huo ndio unaoifanya ionekane kubwa kuliko ilivyo. Wakati wa Umoja wa Kisovyeti picha zake zilichapwa kwenye postikadi nyingi, zikauzwa kwenye vibanda vya magazeti, vituo vya treni na ofisi za posta.

Kwenye postikadi hizo barabara inaonekana tulivu na ya siku nyingi, kana kwamba imekuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Sehemu kubwa ya majengo yanayoonekana ilijengwa kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1960. Barabara iliyokuwapo kabla yake ilibomolewa kwa milipuko na moto mnamo Septemba 1941, na kwa miongo kadhaa dola iliyochapa postikadi hizo haikukubali kwamba mabomu yaliyoanzisha moto huo yalitegwa na watu wake yenyewe.

Mahali na jina

Khreshchatyk inapita bondeni, kati ya kilima cha mji wa kale upande mmoja na vilima vya Lypky na Pechersk upande mwingine. Inaanza kwenye Uwanja wa Ulaya, si mbali na mteremko wa mto Dnieper, inapita Uwanja wa Uhuru (Maidan Nezalezhnosti), na kuishia kwenye Uwanja wa Bessarabska, penye soko la ndani lililojengwa kati ya 1910 na 1912.

Jina linatokana na neno la Kislavoni lenye maana ya msalaba. Maelezo ya kawaida ni kwamba bonde lilikatwa na makorongo yaliyopishana kwa umbo la msalaba. Wenyeji wengine hulihusisha na ubatizo wa watu wa Kyiv mwaka 988, kwa sababu katika Kiukraine maneno "msalaba" na "ubatizo" yana mzizi mmoja.

Jina hilo halikudumu bila kukatizwa. Kuanzia 1923 hadi 1937 barabara iliitwa kwa jina la Vatslav Vorovsky, mwanadiplomasia wa Kisovyeti aliyeuawa mjini Lausanne, Uswisi. Baadaye jina la zamani likarudishwa. Hilo ni jambo la kuangalia, maana mitaa mingi inayoungana na Khreshchatyk ilibaki na majina ya kimapinduzi hadi mwisho wa dola: Mtaa wa Lenin (leo Bohdan Khmelnytsky), Mtaa wa Sverdlov (leo Prorizna), Mtaa wa Karl Marx (leo Horodetsky) na Mtaa wa Mapinduzi ya Oktoba (leo Instytutska). Barabara kuu yenyewe ilibaki na jina lenye msalaba ndani yake.

Barabara ya kwanza

Hadi mwishoni mwa karne ya 18 bonde hilo lilikuwa na miti na makorongo kuliko nyumba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 likageuka kitovu cha biashara: benki, hoteli, maduka ya nguo na vitabu. Jengo la baraza la mji, Duma, lilijengwa kati ya 1874 na 1876 kwenye uwanja wa katikati, na juu ya mnara wake iliwekwa sanamu ya Malaika Mkuu Mikaeli, msimamizi wa mji. Mwaka 1892 tramu ya umeme ya kwanza katika Dola la Urusi ilianza kazi Kyiv. Ilipanda mteremko mkali kutoka mtaa wa chini wa Podil hadi Uwanja wa Tsar, ambao leo ni Uwanja wa Ulaya, yaani kwenye mwanzo kabisa wa Khreshchatyk.

Kuna postikadi za enzi hiyo pia, kwa sababu miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa wakati wa fahari wa postikadi kote Ulaya. Zilichapwa na wafanyabiashara binafsi, na zinaonyesha barabara nyembamba zaidi, yenye mabango ya maduka kila ukuta, nyaya za tramu, magari ya farasi na watu wakivuka ovyo. Anayeweka kadi ya mwaka 1910 kando ya kadi ya mwaka 1960 hupata shida kuamini kwamba ni mahali pamoja. Karibu hakuna jengo linalofanana, isipokuwa kwenye kipande cha upande wa Bessarabska.

Mwaka 1934 makao makuu ya Ukraine ya Kisovyeti yalihamishwa kutoka Kharkiv kuja Kyiv, na mipango ya kuupa mji sura ya mji mkuu ikaanza. Duka kubwa la serikali, TsUM, lilifunguliwa mwaka 1939 kwenye kona ya Mtaa wa Lenin. Jengo hilo lilinusurika vita, ndiyo maana linaonekana kwenye postikadi za vipindi vyote vilivyofuata.

Septemba 1941

Jeshi la Ujerumani liliingia Kyiv tarehe 19 Septemba 1941. Maofisa wake walichukua majengo mazuri ya katikati ya mji, hasa Khreshchatyk: hoteli, ofisi na maduka. Hawakujua kwamba kabla ya kuondoka, wahandisi wa Jeshi Jekundu na idara ya usalama NKVD walikuwa wametega mabomu ndani ya mengi ya majengo hayo.

Mlipuko wa kwanza wa Khreshchatyk ulitokea tarehe 24 Septemba, kwenye kona ya mtaa wa Prorizna, katika jengo lililokuwa na duka la vitu vya watoto na ambalo Wajerumani walilitumia kwa utawala wao wa kijeshi. Milipuko mingine ikafuata kwa siku kadhaa. Moto ulienea haraka, maji yalikuwa haba, na mwishowe Wajerumani wenyewe walilipua nyumba nyingine ili kuukatia moto njia. Askari na maofisa wa Kijerumani walikufa, pamoja na wenyeji wa mji ambao hakuna aliyewaonya. Maelfu walibaki bila makazi. Moto ulipozimika, Khreshchatyk kuanzia uwanja wa Duma hadi karibu na Mtaa wa Lenin ilikuwa kifusi, pamoja na sehemu za mitaa ya jirani.

Wakaaji wa Kiyahudi ndio waliosingiziwa. Tarehe 28 Septemba matangazo yalibandikwa yakiwaamuru Wayahudi wote wa Kyiv kukusanyika kesho yake asubuhi wakiwa na hati zao, fedha na nguo za baridi. Tarehe 29 na 30 Septemba walipigwa risasi kwenye korongo la Babyn Yar, pembezoni mwa mji. Taarifa ya wauaji wenyewe ilihesabu watu 33,771 kwa siku hizo mbili. Milipuko haikuwa chanzo cha mauaji hayo. Vikosi vya Kinazi vilikuwa vimeshaua Wayahudi kwa maelfu katika miji mingine ya Ukraine, kwa mfano Kamianets-Podilskyi mwezi Agosti. Ilitumiwa kama kisingizio, na kwa sababu hiyo historia ya Khreshchatyk na historia ya Babyn Yar haziwezi kusimuliwa mbalimbali.

Baada ya vita, maelezo rasmi ya Kisovyeti yalisema Khreshchatyk iliharibiwa na wavamizi wa Kifashisti. Vitabu vya mwongozo na maandishi ya nyuma ya picha yalirudia maneno hayo. Mwandishi Anatoly Kuznetsov, aliyekuwa kijana mjini Kyiv wakati wa uvamizi, alieleza ukweli katika kitabu chake Babi Yar, lakini toleo la mwaka 1966 lililotoka katika Umoja wa Kisovyeti lilikatwa na wadhibiti. Toleo kamili lilichapwa ng'ambo mwaka 1970, baada ya yeye kukimbilia Uingereza. Ndani ya nchi suala hilo lilianza kuzungumzwa wazi mwishoni mwa miaka ya 1980 tu.

Barabara ya pili

Kyiv ilikombolewa tarehe 6 Novemba 1943. Kifusi cha Khreshchatyk kiliondolewa na wakaaji wa mji, waliopangiwa zamu za kazi, na pia na mateka wa vita wa Kijerumani. Mwaka 1944 yalitangazwa mashindano ya usanifu kwa ajili ya barabara mpya. Aliyeongoza kazi mwanzoni ni Alexander Vlasov, msanifu mkuu wa mji. Baada ya yeye kuhamishiwa Moscow mwaka 1950, kazi iliendelezwa na Anatoly Dobrovolsky, pamoja na wasanifu wengine kama Boris Pryimak.

Hawakurudisha mtaa wa zamani. Barabara ilipanuliwa, na upande mmoja ukatengenezwa bustani ndefu ya kutembelea kwa miguu, iliyopandwa michesnati (Aesculus hippocastanum). Mti huo hauzai tunda la kuliwa na watu, lakini mwezi Mei hutoa mashada ya maua meupe yaliyosimama kama mishumaa. Umekuwa alama ya Kyiv kiasi kwamba nembo ya mji ya mwaka 1969 ilikuwa na jani na ua la mchesnati, na boksi la keki maarufu ya Kyiv hupambwa kwa majani yake.

Majengo yalipewa sura ya fahari ya enzi ya Stalin: graniti chini, vigae vya rangi ya maziwa juu, minara, matao na mapambo yaliyochukuliwa kutoka usanifu wa kale wa Ukraine. Jengo refu kuliko mengine upande wa bustani, namba 25, lina mnara wenye ncha na nyota, na wenyeji huliita "nyumba yenye nyota". Jengo la baraza la mji, namba 36, lilijengwa kati ya 1952 na 1957. Posta Kuu, namba 22, ilikamilika mwaka 1958.

Kabla kazi haijaisha, siasa ilibadilika. Mnamo Novemba 1955 uongozi wa Nikita Khrushchev ulitoa azimio la kupiga vita "ziada" katika ujenzi, yaani minara na mapambo yasiyo na matumizi, na Khreshchatyk ikawa miongoni mwa mifano iliyokosolewa. Matokeo yake yanaonekana hadi leo kwenye Hoteli Moskva (sasa Hoteli Ukraina), iliyo kilimani juu ya uwanja wa katikati. Ilipangwa kuwa na mnara mrefu wa kukamilisha mandhari yote, lakini ilifunguliwa mwaka 1961 bila mnara, ikiwa na kichwa bapa. Kila postikadi inayoonyesha uwanja kutoka upande wa chini ina hoteli hiyo juu kabisa, na ni vigumu kutoona kwamba kuna kitu kimekatwa.

Metro ilifika tarehe 6 Novemba 1960, Kyiv ilipofungua njia yake ya kwanza yenye vituo vitano. Khreshchatyk ilikuwa kimojawapo.

Postikadi zenyewe

Kuchapa postikadi katika Umoja wa Kisovyeti kulikuwa kazi ya mashirika ya dola. Za Kyiv zilitolewa na wachapishaji wa Ukraine, kama Mystetstvo, na pia na wachapishaji wa Moscow. Wizara ya Mawasiliano ilitoa kadi zenye stempu iliyochapwa tayari. Kadi ziliuzwa moja moja au kwa seti ndani ya bahasha ya karatasi ngumu yenye jina la mji. Bei ilikuwa kopeki chache, kwa hiyo hata mwanafunzi aliimudu.

Mandhari yalirudiwarudiwa. Ya kwanza na inayojulikana zaidi ni ile iliyopigwa kutoka juu, ambapo barabara inanyooka kuelekea Bessarabska, michesnati ikiwa upande mmoja na baraza la mji upande wa pili, trolibasi mbili tatu zikipita na magari machache mno. Ya pili ni ya uwanja wa katikati. Ya tatu ni ya bustani yenyewe, mama akisukuma gari la mtoto, wazee wakiwa kwenye mabenchi. Zipo pia za usiku, taa za magari zikiwa zimegeuka mistari myekundu, na za sikukuu, zenye bendera na picha za viongozi.

Rangi zake zinafaa kutazamwa kwa makini. Kadi za mwanzo wa miaka ya 1950 mara nyingi ni za rangi moja, kahawia au kijivu. Za rangi zilipoenea, anga ilikuwa ya buluu kupita kiasi na nyasi za kijani kibichi mno, kwa sababu picha zilirekebishwa kwa mkono kabla ya kuchapwa. Waliozizoea husema hakuna mvua kwenye postikadi za Kyiv, na kwa kiasi kikubwa ni kweli.

Upande wa nyuma una habari nyingi kuliko wa mbele. Kwanza ni maelezo ya picha, kwa kawaida kwa Kiukraine na Kirusi, na kwenye kadi zilizolenga wageni pia kwa Kiingereza au lugha nyingine. Chini kwa herufi ndogo huandikwa mpiga picha, mchapishaji, mwaka, idadi ya nakala, bei na namba ya kibali cha Glavlit, idara ya udhibiti wa machapisho. Hata picha ya mti na benchi ilipitia mezani kwa mdhibiti. Mistari ya anwani ilifuata mpangilio wa Kisovyeti, ambao ni kinyume na ule wa nchi nyingi: kwanza "kuda" (kwenda wapi), ikitangulia nchi, mji, kisha mtaa, na mwisho "komu" (kwa nani), yaani jina la mpokeaji.

Watu walizituma kwa mambo ya kawaida: kuwajulisha jamaa kwamba safari imekwisha salama, au kupongeza Mei Mosi, Mwaka Mpya na Siku ya Wanawake ya 8 Machi. Tangu miaka ya 1960 vyuo vya Kyiv vilipokea pia wanafunzi wengi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na kwa wengi wao Khreshchatyk ilikuwa mahali pa kwanza mjini walipofahamu vizuri.

Yasiyoonekana

Kadi hazikudanganya kuhusu yaliyomo ndani ya picha. Majengo yalikuwapo, miti ilichanua kweli. Zilinyamaza kuhusu mengine. Hakuna kadi iliyotaja kilichotokea mahali hapo mwaka 1941, isipokuwa kwa maneno ya jumla kwamba barabara "ilijengwa upya baada ya vita". Babyn Yar haikuwa mandhari ya postikadi. Hata kumbukumbu rasmi iliyosimamishwa huko mwaka 1976 ilitaja raia wa Kisovyeti na mateka wa vita, bila kuwataja Wayahudi kwa jina.

Mfano wa karibu zaidi ni Mei Mosi ya mwaka 1986. Gwaride la siku hiyo kwenye Khreshchatyk lilikuwa na kila kitu kinachoonekana kwenye kadi za sikukuu: watoto waliovaa mashati ya kudariziwa, maua, bendera, viongozi jukwaani. Siku tano kabla, usiku wa kuamkia 26 Aprili, kinu cha nne cha kituo cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, takriban kilomita 100 kaskazini. Mwanzoni upepo ulielekea mbali na Kyiv, lakini kufikia 30 Aprili ulikuwa umegeuka na mionzi mjini ikapanda. Gwaride halikufutwa. Katibu wa chama wa Ukraine, Volodymyr Shcherbytsky, alihudhuria. Tarehe 6 Mei mashindano ya baiskeli ya Mbio za Amani yalianzia mjini humohumo. Mwezi huohuo shule zilifungwa mapema, watoto wakasafirishwa kwa wingi kwenda mikoa ya mbali, na magari ya maji yakawa yanaosha mitaa kila siku. Picha za gwaride hilo zinafanana kabisa na za miaka mingine, na hilo ndilo linalowashtua watu wanaoziona sasa.

Tukio jingine halikuweza kufichwa. Tarehe 2 Agosti 1989 ukumbi wa nguzo mbele ya Posta Kuu ulianguka ghafla na kuua watu 11 waliokuwa chini yake. Enzi ya uwazi ilikuwa imeshaanza, na habari zilitolewa.

Namna ya kutambua mwaka wa kadi

Si kadi zote zina mwaka, na nyingine zilichapwa miaka kadhaa baada ya picha kupigwa. Barabara yenyewe husaidia.

Jina la uwanja wa katikati ndilo kipimo rahisi zaidi. Uliitwa Uwanja wa Kalinin tangu 1935 hadi 1977, kisha Uwanja wa Mapinduzi ya Oktoba hadi 1991. Mwaka 1977 liliwekwa hapo mnara wa mapinduzi wenye sanamu kubwa ya Lenin, hivyo kadi yenye sanamu hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Jumba la Vyama vya Wafanyakazi lenye mnara wa saa lilikamilika mwaka 1980. Uwanja wa Ulaya uliitwa Uwanja wa Stalin tangu 1944 hadi 1961, kisha Uwanja wa Komsomol ya Lenin. Jengo jeupe la Makumbusho ya Lenin, leo Jumba la Ukraine, likafunguliwa hapo mwaka 1982.

Lenin mwingine, mdogo zaidi na wa jiwe jekundu, alisimama upande wa Bessarabska, mwanzoni mwa Barabara ya Shevchenko. Alitengenezwa na mchongaji Sergey Merkurov, akaonyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1939, na kusimamishwa Kyiv tarehe 5 Desemba 1946. Kwa kuwa alidumu hadi 2013, hasaidii sana kutambua mwaka.

Magari husaidia zaidi. Pobeda zenye mgongo wa mviringo ni za miaka ya 1950. Volga ya GAZ-21 ilianza kuundwa mwaka 1956. Zhiguli zikionekana, picha imepigwa baada ya 1970. Bei nayo ina maana: mwaka 1961 fedha za Kisovyeti zilibadilishwa kwa uwiano wa kumi kwa moja, kwa hiyo kadi ya kopeki 3 au 4 kwa kawaida ni ya baada ya hapo. Na tangu 1971 kadi nyingi zilichapwa visanduku vya kuandikia namba sita za posta. Za Kyiv zilianza na 252.

Baada ya 1991

Mnamo Oktoba 1990, wakati uwanja ungali na jina la Mapinduzi ya Oktoba, wanafunzi walipiga mahema juu ya graniti yake na kugoma kula, hadi waziri mkuu wa Ukraine ya Kisovyeti, Vitaliy Masol, akajiuzulu. Mwaka uliofuata Ukraine ikawa nchi huru, uwanja ukaitwa Uwanja wa Uhuru, na Lenin mkubwa akaondolewa. Mwaka 2001 ilisimamishwa nguzo ya uhuru, na chini ya uwanja kukajengwa maduka. Wapenzi wa postikadi za zamani hulalamika kwamba mandhari yaliharibika, kwa sababu nguzo na mapaa ya vioo huziba sehemu ya picha iliyokuwa wazi.

Khreshchatyk ilijaa watu tena katika Mapinduzi ya Machungwa ya mwaka 2004, na katika maandamano yaliyoanza tarehe 21 Novemba 2013. Lenin wa Bessarabska aliangushwa na waandamanaji tarehe 8 Desemba 2013. Usiku wa 18 kuamkia 19 Februari 2014 Jumba la Vyama vya Wafanyakazi liliungua, na siku mbili hizo na iliyofuata watu wengi walipigwa risasi kwenye uwanja na katika mtaa wa Instytutska unaopanda kutoka hapo. Waliouawa hukumbukwa kwa jina la "Mia wa Mbinguni".

Mnamo Agosti 2022, miezi sita baada ya uvamizi wa Urusi, Siku ya Uhuru haikuwa na gwaride. Badala yake vifaru na magari ya kivita ya Urusi yaliyoteketezwa yalipangwa katikati ya Khreshchatyk, na wakaaji wa mji wakaja na watoto wao kuyatazama. Picha nyingi zilipigwa kutoka juu, zikielekea Bessarabska, kutoka karibu na pale walipokuwa wakisimama wapiga picha wa postikadi.

Michesnati bado ipo, ingawa imepungua. Mingi ilidhoofishwa na nondo mdogo anayetoboa majani yake (Cameraria ohridella), hata majani hukauka kabla ya kiangazi kwisha, na mingine imepandwa upya.